Daftari la Jetoni

Miti, Jumapili 8 Septemba 2024

Mvua ya kwanza ya kweli ilinyesha jana jioni. Tangu Juni tulikuwa tunameza vumbi la malori, leo tunakanyaga tope. Mtaro ulio kati ya soko na barabara kubwa, kanivo ninayoivuka kila asubuhi nikienda kufungua cherehani, umeziba kabisa: maganda ya ndizi, chupa za plastiki, udongo ulioteremka kutoka mashambani. Maji yalipokosa njia yakaja kwenye baraza yetu. Kitambaa alichonikabidhi mama mmoja tangu Alhamisi kimelowa tope chote. Nimekifua usiku, nimekianika ndani.

Kitambaa kitakauka. Linaloniuma ni kwamba maji yale hupitia nyuma ya choo cha soko, na choo chenyewe kilijaa kabla ya Pasaka. Watoto wa shule huruka mtaro huohuo wakirudi nyumbani, na wakianguka huinuka na kuendelea kula muwa wao. Mwaka huu si wa kuchezea afya. Tarehe 14 Agosti Shirika la Afya Duniani lilitangaza mpox kuwa dharura ya ulimwengu, na aina mpya ya ugonjwa huo ilianza kuonekana mwaka jana katika jimbo letu hili la Kivu Kusini, kule Kamituga. Waandishi wa habari kutoka nje wanakuja kuwatazama wagonjwa Kavumu na Lwiro. Kwetu hapa hayo si majina ya redioni. Motari na pikipiki yake anakufikisha Kavumu kabla hujamaliza kumweleza habari za nyumbani.

Mama anayeuza samaki wa sambaza pembeni yangu alisimama na beseni lake kichwani, akayatazama maji, akaniuliza: "Yaya, hii jetoni tunayolipa kila siku ni ya nini?"

Sikuwa na jibu. Nina miaka 47, nimezaliwa hapa, nina diploma ya serikali, mimi ndiye mtunza hazina wa kamati ya bomba letu la maji, na sikuwa na jibu. Ndiyo sababu ya daftari hili.

Jumamosi 14 Septemba

Salongo, kazi yetu ya pamoja, mtaroni. Tulifika watu 31, wengi mama na vijana. Motari mmoja alizima pikipiki yake, akavua viatu, akaingia mtaroni mpaka magotini, Mungu ambariki. Kufikia saa nne maji yalikuwa yanapita.

Mama yangu alikuwa akisimulia salongo ya wakati wa Mobutu, miaka ya 1970, ilipokuwa amri na asiyetokea akitafutwa. Bibi alirudi nyuma zaidi, kwenye kazi za lazima za wakati wa Wabelgiji. Hakuwahi kuipenda barabara hata moja, kwa sababu kila barabara ilimkumbusha fimbo. Mimi salongo ya sasa ninaipenda, maana hakuna anayenifuata nyuma. Watu wanaimba, wanaulizana habari za wagonjwa, na mtu akirudi nyumbani anajua amefanya kitu kwa ajili ya wengine.

Lakini tukiwa bado na mabeleshi mkononi, mkusanya jetoni akapita mstarini kukata ushuru wa soko kama kawaida. Mama wa sambaza alijifuta tope kwenye kikwembe, akafungua fundo, akatoa faranga 200. Alilipa kwa mkono, akalipa tena kwa faranga, asubuhi moja, kando ya mtaro mmoja. Na mtaro huo utaziba tena wiki ijayo, maana sokoni hakuna pipa la taka wala mtu anayelipwa kuzoa. Salongo inajua kuondoa tope la mwezi mzima. Takataka za kila siku zinataka mtu wa kila siku, na mtu wa kila siku anataka kula.

Jumatano 18 Septemba

Nimezungumza na mama 14 wa mstari wetu. Kuanzia Jumatatu ijayo hakuna kutupa risiti za jetoni. Kila mmoja ataziweka zake kwenye kopo la maziwa, na mimi nitazihesabu baada ya siku 26 za soko. Wawili waliogopa. Nikawaambia hatumshitaki mtu, tunahesabu mali yetu tu, kama tunavyohesabu likelemba, mchango wetu wa zamu, kila Ijumaa bila mtu kugombana.

Jumapili 29 Septemba

Baada ya misa nilikwenda kwa mzee mmoja aliyekuwa karani wa serikali kwa miaka mingi.

"Asinge, Papa."

"Asinge, mwana wangu. Umekuja na daftari? Basi keti karibu."

Nilimuuliza swali la mama wa sambaza. Hakunijibu kwa mdomo. Alimwita mke wake alete maharage, akaweka ungo katikati yetu, akahesabu 100 moja moja. Macho yake yamedhoofika, nikawa ninamsaidia.

"Hizi ni kodi za taifa zilizokusanywa katika jimbo letu," akasema. "Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 175." Akatenga 40. "Hizi ni za jimbo. Na katiba inasema zikatwe palepale zinapokusanywa, zisisafiri kwanza mpaka Kinshasa." Katika zile 40 akatenga 16. "Na hizi sheria imezipa miji, komini, sekta na usultani."

Nilizihesabu tena mwenyewe. Kumi na sita.

Halafu akarudisha maharage yote 100 ndani ya bakuli, akalifunika kwa kiganja. Tukakaa hivyo. Akatoa chembe chache, akaziweka pembeni ya ungo. "Hii ndiyo wanayoiita retrosesio. Zinakwenda zote, kisha zinarudi. Zikirudi." Alitumikia serikali tano au sita, na sijamsikia akimtukana mtu hata siku moja. Alisema neno hilo la mwisho kama mtu anayesoma jina la marehemu.

"Na Miti iko wapi hapa, Papa?"

Hakuweka hata chembe moja. Akanieleza kwamba sheria ya Oktoba 2008 inataja vyombo vinne tu vilivyo karibu na raia na vyenye mfuko wao: mji, komini, sekta na usultani. Miti ni gurupema, mojawapo ya gurupema 14 za usultani wa Kabare, pamoja na Mudaka, Bugorhe, Irhambi-Katana, Mumosho na nyingine. Gurupema haina mfuko. Hapa tunaweza kukusanya, lakini hatuwezi kupanga. Soko letu liwe kubwa namna gani, malori ya Bukavu na ya Kavumu yapite mangapi, mtaro wetu lazima ukaombewe katika chungu ambamo watu wa gurupema 14 wanachota.

Hilo nimeona si baya lenyewe. Mumosho nako kuna watoto. Nikauliza nani basi anayegawa, na mzee akasema bajeti hupitishwa na baraza la usultani, lenye washauri wanaochaguliwa na wananchi. Nikamuuliza mimi nilimchagua nani. Mzee akanyamaza, na mimi nikakumbuka foleni ya tarehe 20 Desemba mwaka jana. Tulipiga kura ya Rais, ya wabunge wa taifa, ya wabunge wa jimbo. Mdogo wangu aliyeolewa Bagira alipiga na ya nne, ya mshauri wa komini yake, kwa sababu kura za mashinani zilifanyika katika komini za miji mikuu ya majimbo tu. Kati yake na mimi kuna kilomita ishirini na kitu. Yeye ana mtu wa kumuuliza kuhusu taka za mtaa wake. Mwami, mkuu wa usultani, tunaye, na heshima yake inatoka katika mila, hiyo hatuigusi. Ila sheria ilitaka kando ya Mwami wakae watu tuliowatuma sisi, na watu hao tangu katiba ile hatujawahi kuwapigia kura.

Mke wa mzee alichukua maharage akaenda kuyapika. Tuliyala na bugali. Niliondoka giza limeingia.

Jumanne 8 Oktoba

Mteja wa leo ni mke wa dereva anayepeleka bidhaa Bunyakiri na Hombo. Njia hiyo inachipuka hapa Miti, inapanda kuelekea Tshivanga na mbuga ya Kahuzi-Biega. Alikuwa anasimulia vizuizi vya barabarani ambavyo mume wake hulipia, kwa risiti na bila risiti. Nilikumbuka utafiti uliotolewa mwaka 2017: watafiti walihesabu vizuizi 798 katika Kivu mbili, Kaskazini na Kusini.

Nimelifikiria hilo siku nzima mguu ukiwa kwenye cherehani. Mtu aliyezoea kutozwa kila kona na asione kitu hujifunza kuficha. Anaficha ndizi, anaficha mbuzi, anapita njia ya nyuma ya soko. Hata akija mtu mwaminifu kumwomba faranga 100 za kujenga choo, anachokiona machoni pake ni kamba iliyotandazwa barabarani. Uharibifu huu ni mkubwa kuliko wa mtaro, na sioni beleshi litakalouzibua.

Jumamosi 19 Oktoba

Mafunzo Murhesa, siku nzima. Mtoa mafunzo wa shirika la kiraia alieleza mambo mengi yenye majina marefu, lakini moja lilinifanya niweke kalamu chini nisikilize tu.

Uganda, miaka ya 1990. Serikali ilikuwa inatuma ruzuku kwa shule za msingi, fedha kwa kila mtoto. Watafiti walipofuatilia kati ya 1991 na 1995 walikuta kwamba, kwa wastani, shule zilipokea asilimia 13 tu ya ruzuku hiyo. Nyingine zote ziliishia njiani. Ndipo serikali ikaanza kuchapisha katika magazeti kiasi kilichotumwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika mahali pa wazi kiasi zilichopokea, wazazi wasome. Kufikia mwaka 2001 sehemu iliyofika shuleni ilikuwa imepita asilimia 80. Wengine wanasema palikuwa na sababu nyingine pia, na mtoa mafunzo hakuficha hilo. Lakini karatasi ukutani ilikuwamo.

Akasema tena kwamba hatuhitaji kwenda mbali. Hapa Kivu Kusini, kwa msaada wa Benki ya Dunia, kiasi cha miaka kumi na mitatu iliyopita, raia walikuwa wakiitwa kwa ujumbe wa simu kwenda mikutanoni kuamua ni kazi gani itangulie katika bajeti ya mahali pao. Daraja au kituo cha afya, soko au chemchemi. Watu walikuja, wakapiga kura kwa kunyoosha mkono.

Nilinyoosha wa kwangu, nikasema hivyo ndivyo wanavyopaswa kutufanyia sokoni: waandike ukutani. Mama mmoja wa nyuma, simjui, akaniuliza kwa upole kabisa: "Na kamati yenu ya maji, Mama, mmeandika wapi?"

Hatujaandika popote. Miaka mitatu ninatunza fedha za bomba, kila nyumba inalipa kila mwezi, na hesabu iko ndani ya daftari ndani ya sanduku chini ya kitanda changu. Sijaiba hata faranga moja. Lakini nani anajua hilo isipokuwa mimi na Mungu? Nilirudi kwa miguu nikakataa pikipiki, ili nipate njia ndefu ya kufikiri.

Jumatatu 21 Oktoba

Jana baada ya misa nilikata katoni ya sabuni, nikaandika kwa kalamu nene: zilizoingia tangu Januari, zilizotoka, zilizobaki. Nikamwonyesha mwenyekiti wetu. Hakufurahi. "Mama, ukiandika hivi wezi watajua tuna fedha." Nikamwambia zilizobaki ni faranga 38,500, mwizi gani atapanda mlima kwa ajili hiyo. Akasema tena, sauti ikiwa chini, "Watu wataanza kuuliza." Nikamjibu kwamba waulize, nikaitundika katoni bombani.

Waliuliza. Leo asubuhi, bido za maji zikiwa bado mstarini, kijana mmoja alisoma kwa sauti na kukuta jumla ya matumizi hailingani, zimepungua faranga 6,500. Jasho lilinitoka. Nilikwenda kuleta daftari, tukatafuta wote pale bombani, watu zaidi ya kumi, wengine na watoto mgongoni. Ilikuwa ni robine ya bomba iliyonunuliwa Machi bila risiti, nami nilisahau kuihamishia kwenye katoni. Fundi aliyeifunga akaja akashuhudia. Nikaiandika mbele yao.

Jioni nyumba tatu ambazo hazijalipa tangu Juni zimeleta fedha. Hakuna aliyewadai.

Jumapili 27 Oktoba

Makopo yamefunguliwa. Siku 26, mama 14. Siku nyingine huyu aliuguza, yule alikwenda matanga, kwa hiyo jetoni hazikutimia 364. Ni 331. Mara faranga 200, ni faranga 66,200, yaani dola 23 na kitu. Hii ni ya mstari mmoja tu wa wauzaji wadogo, hakuna humo maduka wala magari.

Sitaki kudanganya nafsi yangu kwamba ni utajiri. Na soko lenyewe limepungua tangu vita vya Sake vilipokata njia ya Goma mapema mwaka huu. Lakini dola 23 zinamlipa kijana wa kuzoa taka siku kadhaa, zinanunua mapipa mawili. Nilikuwa nimezoea kusikia kwamba Miti ni maskini, haina kitu. Sasa nimeona kitu kwa macho, kimejaa makopo 14.

Nilimpelekea mkusanya jetoni hesabu hii, kwa faragha, nisimvunjie heshima mbele ya watu. Ni kijana wa umri wa mwanangu. Aliisoma mara mbili. "Mama, mimi ninakata tu, jioni ninapeleka ofisini. Nikikwambia zinakwenda wapi nitakuwa nimesema uongo." Nikamuuliza analipwaje. Akatazama viatu vyake. Nimemshonea mkono wa shati uliochanika, sikutaka fedha.

Huko juu kuna mpango wa taifa wa wilaya 145, dola bilioni 1.66, shule na vituo vya afya na majengo ya utawala. Ninauombea mema, na shule ikijengwa nitakwenda kuisafisha kwa mikono yangu. Lakini pipa la taka la soko la Miti halipaswi kumsubiri Rais wa Jamhuri.

Jumamosi 9 Novemba

Baraza, chini ya mti, baada ya salongo. Niliandika barua kwa mkono, mama 14 wakatia sahihi au kidole. Sikuandika neno "wizi" popote, ingawa wengine walitaka niliweke. Tuliomba mambo mawili tu: kila Jumamosi iandikwe sokoni ni jetoni ngapi zimekatwa wiki hiyo, na kila mwezi iandikwe ni nini kimefanyika sokoni kwa fedha hizo, hata kama ni hakuna.

Shefu wa kijiji alisikiliza mpaka mwisho. Alisema hana mamlaka juu ya fedha, na ni kweli, mzee wa maharage alikwisha kunionyesha. La pili atalipeleka juu na barua yetu. La kwanza hajaona sheria inayolikataza. Mwenye duka la misumari, ambaye hajawahi kutokea salongo, akasema atatoa ubao. Nilishangaa, nikamshukuru mbele ya wote.

Mwenyekiti wa kamati yetu ya maji naye alisimama. Alisema katoni ya bombani imetusaidia. Sikumwomba aseme.

Jumamosi 16 Novemba

Mvua ndogo tangu alfajiri. Ubao umepigiliwa kwenye nguzo ya kibanda cha kwanza, chini ya bati, mahali ambapo kila anayeingia lazima aupite. Mkusanya jetoni alikuja saa tano na vitabu vyake vya risiti, akaomba chaki, akaandika hesabu ya leo kwa majaribio, kabla ya kuanza ile ya wiki nzima: jetoni 205.

Mama wa sambaza hajui kusoma. Aliuliza ameandika nini, akaambiwa. Akatikisa kichwa. Kumbe tangu asubuhi alikuwa amekaa na vijiwe kwenye kikapu, akitupa kimoja kila kijana alipokata. "Papa," akamwambia kijana, kwa heshima, "mimi nina 211."

Watu walisogea. Niliogopa kwamba sasa yatakuwa matusi, na kazi yote itafia hapo. Kijana hakukasirika. Alikaa kwenye gunia la makaa, akafungua vishina vya risiti kwenye magoti, akaanza kuhesabu upya kwa sauti, na mama akivihamisha vijiwe kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Nilishika mwavuli juu ya vitabu visilowe. Ilichukua muda, maana mara mbili walipoteana wakaanza tena.

Vishina vilikuwa 208. Mama akahesabu vijiwe vyake mara nyingine, akakubali kwamba vitatu ni vya watu waliopita bila kukata. Kijana akasimama, akafuta 205 kwa kiganja, akaandika 208.

Nilikwenda kufungua cherehani.